Mowlem Yabishania Kitabu

Waulize vijana wa Mowlem kama riwaya ya Akata Witch ni nzuri, nawe hutapata jibu, utapata ubishi. Yuko msichana wa gredi ya tisa anayeiweka juu ya vitabu vyote alivyowahi kushika. Jirani yake wa ghorofa ya tatu, mvulana wa rika lake, anashikilia kwamba mwandishi alichoka mwishoni akaifunga hadithi harakaharaka. Na yuko mama wa ploti hiyohiyo aliyemnyang'anya bintiye kitabu, akakaa nacho siku kadhaa ili ajue mtoto analishwa nini, kisha akakirudisha akiwa na maswali mengi kuliko binti mwenyewe.

Nimewasikiliza kwa muda, na ninaamini kwamba hawa ni wahakiki. Siwapambi. Shuleni kitabu hakibishaniwi, hujibiwa. Mwanafunzi hupewa dondoo, akaambiwa aeleze muktadha wake kwa alama nne, ataje tamathali mbili za usemi, kisha achambue maudhui. Yeyote aliyekalia karatasi ya tatu ya Kiswahili anaujua mtindo huo hadi leo. Hakuna swali linalomuuliza kama mhusika alimkera, au kama mwandishi alimwonea mtu. Kitabu hiki hakimo kwenye mtihani wowote, na vijana hawa wamekigeukia kwa ukali ambao sijawahi kuusikia darasani.

Riwaya yenyewe iliandikwa na Nnedi Okorafor, Mmarekani aliyezaliwa na wazazi wa Kinigeria, ikatoka mwaka 2011. Sunny Nwazue ana miaka 12. Alizaliwa New York, wazazi wake Waigbo wakamrudisha nyumbani, na sasa anaishi Aba. Ana ualbino, jua linamchoma, kwa hiyo mpira anaoupenda hauchezi mchana kama wenzake. Siku moja anautazama mwali wa mshumaa uwakao na kuuona mwisho wa dunia. Kupitia kwa rafiki zake Orlu na Chichi anagundua kwamba katikati ya watu wa kawaida, ambao kitabu kinawaita Kondoo, wamo Watu wa Chui, wenye uwezo wa juju, maandishi yao, soko lao na sheria zao. Mji wao wa siri uko ng'ambo ya mto wenye mnyama wa kutisha, na daraja lake halipitiki mpaka mtu auite uso wake wa kiroho. Baadaye anaungana nao Sasha, mvulana mtundu aliyeletwa kutoka Chicago. Hao wanne wanapewa kazi ya kumkabili mtu anayeiba watoto na kuwaua.

Mowlem ni wadi ya Embakasi Magharibi, katika Eastlands ya Nairobi, imebanana na Umoja, Kariobangi Kusini na Dandora. Ni mtaa wa maghorofa yaliyosongamana, mitungi ya maji kwenye ngazi, na kanisa kila baada ya hatua chache. Mtoto wa hapa anayetaka maktaba ya umma hupanda matatu hadi Buruburu, au aende Makadara na Kaloleni, kwenye matawi ya ile maktaba ya McMillan iliyofunguliwa mjini mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu peke yao. Haya mawili ya Eastlands yamefufuliwa na shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, na ninaomba Mola awape nguvu zaidi. Lakini nauli ni nauli. Tangu mwaka 2013 vitabu vinatozwa VAT ya asilimia 16, na mzazi anayehesabu pesa za unga hununua kile ambacho mwalimu ameandika kwenye orodha, basi. Kitabu cha kusomwa kwa raha huja kwa njia nyingine: kutoka kwa wauzaji wa vitabu vikuukuu wanaotandaza mali yao kandokando ya barabara katikati ya jiji, pale tunapopaita inama, ama kwa kuazimana. Nakala ninayoizungumzia imepita mikono mingi hadi jalada likashikiliwa kwa gundi ya karatasi.

Jambo la kwanza walilolishika vijana ni chittim. Katika ulimwengu wa Watu wa Chui, kila mtu anapojifunza jambo la kweli, vipande vya metali hudondoka kutoka hewani miguuni pake. Hiyo ndiyo fedha yao. Haipatikani kwa njia nyingine ila kwa kujifunza. Wadogo walilipenda wazo hili papo hapo, wakaanza kukadiria nani kati yao angekuwa tajiri. Lakini kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne, ambaye sasa anabeba mawe na saruji kwenye majengo yanayoota kila kona ya mtaa huu, alisema kwamba yeye aliamini mnyama wa mtoni, akaamini nyuso za kiroho, ila hapo kwa chittim ndipo alipokataa. Ana cheti chenye alama nzuri. Hakuna kilichodondoka.

Nilimwazima Kusadikika. Shaaban Robert alikichapisha mwaka 1951, nacho kinasimulia nchi iliyo angani, isiyofikiwa na macho ya watu wa chini. Humo Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kueneza elimu ya sheria. Katika utetezi wake anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, kuanzia mashariki na magharibi hadi juu mbinguni na chini ardhini. Kila mmoja alirudi na maarifa ya kuifaa nchi, na kila mmoja alitiwa kifungoni kwa sababu hiyo. Kijana wa mjengo alikimaliza kwa siku chache na hukumu yake ikawa fupi: hiki cha mzee ndicho cha kweli. Wadogo wakampinga. Msichana wa gredi ya tisa alimkumbusha kwamba mwishoni Karama anashinda na wafungwa wanafunguliwa, kwa hiyo hata Kusadikika elimu ililipa, ila ilichelewa. Wakabishana mpaka taa za ngazi zikazimwa. Miaka sitini inavitenganisha vitabu hivyo viwili, kimoja cha Kiswahili cha Tanga na kingine cha Kiingereza cha Marekani, na watoto wa Mowlem walivipambanisha kwenye swali lilelile bila kusaidiwa na mwongozo wowote. Mhadhiri wa chuo kikuu angejivunia mjadala huo.

Kuhusu kiboko hawakuhitaji maelezo. Kitabu kinaanza kwa Sunny kupewa fimbo na mwalimu awachape wenzake viganja kwa sababu yeye ndiye aliyefanya vizuri katika insha. Anakataa, na wenzake wanamvamia nje vilevile. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, kabla wasomaji hawa hawajazaliwa, na hata hivyo hakuna aliyeuliza tukio hilo lina maana gani. Kilichowachoma ni kwamba hata huko kwenye mji wa siri watoto bado wanachapwa wakivunja sheria. Mvulana wa ghorofa ya tatu anaona huo ni upungufu mkubwa wa kitabu. Ukiwa na uwezo wa kuumba ulimwengu mzima, anauliza, kwa nini uchukue na fimbo ukaipeleke huko? Mimi niliwahi kumtetea mwandishi kwa kusema kwamba anaonyesha jamii isiyo kamilifu. Jibu lake lilikuwa kwamba jamii isiyo kamilifu anayo tayari.

Hoja nzito kuliko zote, kwa maoni yangu, ilitoka kwa msichana ambaye kaka yake ana ualbino. Anampenda Sunny. Anasema hajawahi kukutana na mhusika wa aina hiyo ambaye si wa kuonewa huruma wala wa kuuawa ili watu wengine wajifunze. Katika nchi yenye jaji mwenye ualbino kama Mumbi Ngugi wa Mahakama ya Rufaa, anaona ni aibu kwamba ilibidi amsubiri Mnigeria wa Marekani amwandikie. Ila kuna jambo halimpendezi. Sunny akishaingizwa rasmi katika Watu wa Chui, jua linaacha kumchoma. Anacheza mpira mchana peupe. Wenzake wote waliisoma sehemu hiyo kwa furaha. Yeye aliisoma akiwazia kopo la mafuta ya kukinga jua ambayo kaka yake hupata kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na kofia pana anayoivaa hata akienda dukani. Kaka yake hatapona kwa juju. Kwa nini Sunny asiwe shujaa na huku jua linamchoma? Orlu, anayepata taabu ya kusoma, hakuondolewa taabu yake, bali ndiyo ilimpa kipaji cha kutegua uchawi wa wengine. Msichana huyu anataka Sunny naye angetendewa hivyo. Nimeurudia ukurasa huo mara nyingi baada ya kumsikiliza, na sina la kumjibu.

Turudi kwa yule mama. Alikichukua kitabu kwa sababu ya neno uchawi, na simlaumu, maana makanisani kwetu neno hilo si la kuchezewa. Wazazi wengi wa mtaa wangeishia hapo. Yeye alisoma hadi mwisho, na akabadilisha shtaka. Juju haikumsumbua tena. Mwenyewe alikulia kwenye hadithi za majini ambazo nyanya yake alizitoa Mombasa, na akakumbuka Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert cha mwaka 1952, ambamo jini Huria anawageuza ndugu wawili wenye husuda kuwa manyani, na Adili analazimika kuwapiga kila usiku huku akilia. Kilichomsumbua ni wazee. Wakubwa wa Watu wa Chui wanajua fika kwamba kuna muuaji wa watoto, nao wanawatuma watoto wanne kumkabili, tena wanawaeleza wazi kwamba wakifa watatafutwa wengine. Hao ni wazazi gani? Katika mtaa ambapo mtoto akichelewa kutoka dukani ploti nzima hutoka kumtafuta, swali hilo si la kinadharia.

Vijana walimjia juu. Wakamwambia mama, bila hatari hakuna hadithi. Akawajibu kwamba hatari anaikubali, asichokikubali ni mtu mzima anayebaki nyumbani. Mimi niko upande wake nusu. Nadhani Okorafor alikusudia tuwachukie hao wazee kidogo, kwa kuwa katika kitabu chote watoto ndio wanaobeba mzigo wa makosa ya waliowatangulia. Hata hivyo hakuna mzee anayewajibishwa, na hapo mama ameona ufa ambao wahariri hawakuuziba. Pia anakubaliana na mvulana wa ghorofa ya tatu kwamba pambano la mwisho ni fupi mno. Umesubiri kurasa mamia, zimwi linatokea, na kufumba na kufumbua limeondoka.

Wanachokubaliana wote ni kwamba wanataka kitabu cha namna hii kwa Kiswahili, na kisiwe cha kutahiniwa. Wachapishaji wetu wana sababu zao. Soko la vitabu nchini hutegemea shule, na riwaya isiyopita kwenye idhini ya taasisi ya mitaala hukaa ghalani. Lakini ulimwengu wa siri haujawahi kuwa mgeni katika Kiswahili. Hata Elisi wa Nchi ya Ajabu alivaa sura ya msichana wa Kiafrika katika tafsiri ya mwaka 1940. Katama Mkangi naye alimpeleka mhusika wake Dzombo katika nchi ya Walenisi, katika riwaya ya mwaka 1995. Vitabu vipo, na wasomaji wapo hapa Mowlem wanaazimana nakala moja. Mchapishaji anayedai vijana hawasomi aje akae nao kwenye ngazi jioni moja, na asije na maswali ya muktadha.

Niliwauliza, kama kitabu hicho kingeandikwa na kiwe cha mtaa huu, mlango wa mji wa siri ungekuwa wapi. Mvulana alisema chini ya daraja la wapita njia la Outer Ring, pale ambapo watu wanavuka barabara mbiombio ingawa daraja lipo juu yao. Kijana wa mjengo akasema ni jalala la Dandora: lilifunguliwa mwaka 1975, likatangazwa kujaa mwaka 2001, na bado malori yanamimina, kwa hiyo lazima pana mahali uchafu wote huo unakoingia. Lilikuwa wazo zuri, na wengi walilishangilia. Msichana wa gredi ya tisa akalikataa. Amechoka, alisema, na hadithi za Eastlands ambazo lazima zianzie kwenye takataka. Yeye mlango wake ungekuwa saluni ya ghorofa ya chini, Jumamosi mchana, foleni imejaa na kila mtu anaongea. Wavulana wakalalamika kwamba basi wao hawataingia kamwe, na ubishi ukahamia kwenye sheria za kuingia: kama mtu atahitaji neno la siri, kama litakuwa la Sheng, na nani atakuwa na haki ya kulibadilisha likishajulikana Umoja.