Seva ya TB 2 ikifa, nani atasimulia?

Mwezi uliopita seva ya maabara yetu ilianguka usiku, ikiwa na kazi ya siku tisa ya mwenzetu. Asubuhi tukaikuta imejiwasha yenyewe, logi zimekatika njiani. Kdump ilikuwepo, lakini ndani ya /var/crash tulikuta faili nusu: diski ilijaa. Chanzo hatukijui mpaka leo.

Sasa, kdump inafanyaje kazi? Seva inapowaka, agizo la crashkernel= linatenga kipande cha memori, na humo inawekwa kerneli ya pili, imelala tu. Kerneli kubwa ikifa, hii ndogo inaamka papo hapo bila kupitia BIOS, inaisoma memori ya marehemu kupitia /proc/vmcore, kisha inainakili.

Shida ni ukubwa. Kwa diski inayoandika MB 500 kwa sekunde, TB 2 zinachukua zaidi ya saa nzima, na muda wote huo seva haifanyi kazi. Ndiyo maana kuna makedumpfile. Ukiipa -d 31, inaruka kurasa zenye sifuri tupu, akiba za faili, kurasa za programu za watumiaji na zile zisizotumika. Inabaki hasa memori ya kerneli, na ndiyo unayoihitaji kumtafuta mchawi. (Kwa hiyo usitegemee kuokoa hesabu zako humo. Hizo zimekwenda.)

Je, utenge kiasi gani? Wengi tunanakili namba tuliyoiona mahali, na hapo ndipo tunapokwama. Kwa kila ukurasa wa KB 4, makedumpfile huweka biti mbili. TB 1 ni MB 64 za alama peke yake. Ina njia ya kwenda kwa mizunguko ili itumie kidogo, ila inachelewa. Zaidi ya hapo kuna madereva: seva kubwa ina kadi nyingi, na kila dereva anataka chake. Kerneli ya pili ipe nr_cpus=1, ikiwa na prosesa mia itakula memori bure.

Halafu jaribu, jamani. Ukiwa ruti, echo c > /proc/sysrq-trigger inaiua seva palepale, kwa hiyo waambie watu kwanza. Sisi tuliiua Jumamosi. Kwa 512M kerneli ya pili nayo ikafa, memori haikutosha. Tukaweka crashkernel=1G,high, tukaiua tena, faili likatoka zima.