Je, Wajua? Nyumba ya Mawe Aliyozaliwa Newton

Woolsthorpe Manor ni nyumba ya shambani iliyojengwa kwa mawe ya chokaa katika karne ya 17, kaunti ya Lincolnshire, Uingereza. Ukiiona kwa nje, utasema ni makazi ya mfugaji wa kondoo, basi. Lakini je, wajua kwamba…

• Isaac Newton alizaliwa humo Krismasi ya 1642 kwa kalenda ya Waingereza wa wakati huo? Kwa kalenda yetu ya leo, ilikuwa tarehe 4 Januari 1643. Babu yake, Robert, ndiye aliyelinunua shamba hilo mwaka 1623.

• Juu ya mlango ipo nembo ya ukoo: mifupa miwili ya muundi iliyopishana?

• Mama yake alitaka awe mkulima, naye akawa mchungaji wa hovyo? Mwaka 1659 alitozwa faini kwa kuacha kondoo na nguruwe wake wavamie mali za watu.

• Kijana huyo anaaminika kuchora ukutani? Mwaka 2017 mwanga maalumu ulifichua kinu cha upepo kilichokwaruzwa karibu na meko.

• Tauni ilipofunga chuo cha Cambridge mwaka 1665, alirudi nyumbani akazigeuza kuta hizo kuwa maabara? Aliziba dirisha, akaacha tundu dogo, akaupitisha mwali wa jua kwenye mche wa kioo. Mwanga mweupe ukajitandaza ukutani kwa rangi, kuanzia nyekundu hadi urujuani.

• Mwaka 1696 serikali ilianza kutoza kodi ya madirisha, na wengine wakayaziba kwa matofali ili waikwepe? Fedha hizo zilikusudiwa kufidia hasara ya sarafu zilizokatwa kingo. Na aliyeteuliwa mwaka huohuo kuwa msimamizi katika kiwanda cha sarafu ni nani? Newton, yule wa tundu la dirisha! Kodi ilifutwa mwaka 1851.

• Mtofaa ambao tofaa lake lililodondoka linasemekana kumfanya Newton awaze juu ya nguvu ya mvutano ungali bustanini? Dhoruba iliuangusha mwanzoni mwa karne ya 19, lakini mizizi haikukatika. Ukachipua upya, na hadi leo unazaa. Kipande cha mti huo kilipelekwa angani na chombo cha Atlantis mwaka 2010, kikaelea huko ambako hata tofaa lenyewe ukiliachia halidondoki.