Kabla ya make: kujenga wxWidgets kutoka msimbo wake

Anayeshindwa kujenga wxWidgets kwenye Linux kwa kawaida hulaumu `make`, kwa kuwa huko ndiko skrini inakojaa maandishi na subira inakoishia. Lakini mara nyingi mambo huwa yameshaharibika mapema, kwenye `configure`, wakati mwenyewe ameshaingiza amri na kwenda zake kunywa chai. Na afadhali hata aliyeona kosa. Kuna ambaye kazi yake ilikwisha salama, maktaba ikasakinishwa, halafu wiki ya pili programu yake ikagoma ikidai kijenzi ambacho hakikuwahi kujengwa. Kwa sababu hiyo nitakaa zaidi kwenye `configure`, na mengine nitayapitia kwa haraka.

Kwa asiyeijua, wxWidgets ni maktaba ya C++ ya kuundia kiolesura cha picha: madirisha, menyu, vitufe, visanduku vya kuandikia. Julian Smart aliianza mwaka 1992 akiwa Chuo Kikuu cha Edinburgh, kwa kutaka programu moja ya michoro ifanye kazi kwenye Windows na kwenye kompyuta za Unix bila kuandikwa mara mbili. Iliitwa wxWindows hadi 2004, ilipobadilishwa jina kwa ombi la Microsoft. KiCad, ambayo wahandisi wa elektroniki huchorea saketi, imejengwa juu yake. Vivyo hivyo FileZilla, Poedit ya watafsiri wa programu, na Audacity hadi toleo lake la 3.

Tofauti na Qt, maktaba nyingine ya kiolesura, wxWidgets haipendi kuchora vitufe vyake yenyewe. Ikiwa kwenye Windows inaiomba Windows iichoree kitufe. Kwenye Mac inaiomba Cocoa. Kwenye Linux, kwa kawaida, inaiomba GTK. Ndiyo maana programu iliyoandikwa kwa wx hufanana na jirani zake kwenye mfumo uleule, na ndiyo maana pia kuijenga ni kazi ya kuiunganisha na vitu vya watu wengine: GTK, maktaba za picha za PNG na JPEG, OpenGL, WebKit, GStreamer. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuwapo kwenye mashine yako, kikakosekana, au kikawapo nusu.

Je, kuna haja ya kujenga? Kama mfumo wako una toleo unalolitaka, hakuna. Kwenye Debian 12, `apt install libwxgtk3.2-dev` inamaliza shughuli, na sioni ujasiri wowote katika kukompaili kitu ambacho wengine wameshakukompailia. Haja huja kama ilivyokuja kwa watumiaji wa Ubuntu 22.04. Mfumo huo ulitoka Aprili 2022, wxWidgets 3.2 ikatoka Julai mwaka huohuo, kwa hiyo Ubuntu ikabaki na 3.0, mfululizo ulioanza Novemba 2013. Aliyetaka vitufe visionekane vidogo kama punje kwenye skrini zenye pikseli nyingi, au OpenGL ifanye kazi chini ya Wayland, ilimbidi ajijengee. Wengine hujenga kwa kutaka maktaba tuli, ile inayoingia ndani ya programu yenyewe, au kwa kutaka alama za kutafutia kasoro.

Msimbo wenyewe chukua kwenye kifurushi cha toleo rasmi, faili la `tar.bz2`. Ukiuchukua kwa `git clone` tupu, folda za zlib, PNG, Expat, PCRE na wenzao huja zikiwa wazi, maana hizo ni hazina tofauti zilizounganishwa tu. Dawa yake ni `git submodule update --init`, lakini kifurushi rasmi huwa nazo zote tayari, na kwa mwenye bando la kuhesabu hilo si jambo dogo.

Ndani ya folda ya msimbo, usijengee papo hapo. Fungua folda nyingine:

`mkdir build-gtk && cd build-gtk`
`../configure --with-gtk=3`

Ukifanya hivyo unaweza kuwa na `build-gtk` ya matumizi ya kawaida, `build-debug` ya kutafutia kasoro na `build-static` ya kugawia watu, zote zikitumia msimbo mmoja. Ukitibua moja unaifuta folda hiyo, msimbo unabaki safi.

Sasa `configure` inafanya nini inapotiririsha mistari yake ya `checking for`? Haitafuti majina ya vifurushi kwenye orodha fulani. Kwa sehemu kubwa inaandika programu fupi ya mistari michache ndani ya faili liitwalo `conftest.c`, inaikompaili, kisha inatazama kama imekubali. Ikikubali, kitu kipo; ikikataa, hakipo. Kwa GTK na baadhi ya maktaba kubwa inauliza kwanza `pkg-config`, ambayo nayo husoma faili ndogo zenye kiambishi `.pc` zinazoeleza maktaba imekaa wapi na inaitwaje. Ni fundi cherehani anayekupima mwenyewe kwa futi yake. Nguo ulizovaa kwenye picha hazimhusu.

Hapo ndipo panapozaliwa ugomvi wa kwanza wa karibu kila mwanagenzi. `configure` inasimama na kudai kwamba faili za uendelezaji za GTK hazikupatikana. Kijana niliyekuwa namsaidia aligeuza kompyuta yake nione: "Kaka, GTK mbona ninayo? Hii Gedit inaendeshwa na nini?" Nikamwambia unayo ya kuendeshea, ya kujengea huna. Debian na Ubuntu huigawa maktaba moja vifurushi viwili. Kwenye Ubuntu 22.04, `libgtk-3-0` ina maktaba yenyewe, inayotosha kuendesha Gedit. `libgtk-3-dev` ina faili za vichwa, zinazomweleza kompaila maktaba ina nini ndani, pamoja na `gtk+-3.0.pc`. Bila hicho cha pili, kwa `configure` GTK haipo, hata kama desktopu nzima mbele yako inachorwa nayo. Amri ya kujihakikishia ni hii:

`pkg-config --modversion gtk+-3.0`

Ikikujibu namba, endelea. Isipojibu, sakinisha `libgtk-3-dev` na `build-essential`, kisha urudie.

Kama kikwazo ni kingine, jibu liko kwenye `config.log` ndani ya folda ya kujengea. Faili hilo ni refu na wengi huruka hadi mwisho wake, wakakutana na orodha ya thamani za vigeu isiyowaambia kitu. Panda juu ya orodha hiyo. Hapo utaikuta ile programu fupi iliyokataliwa, ikiwa na amri ya kompaila iliyotumika na neno `error:` likieleza sababu. Kwa maoni yangu dakika tano ndani ya `config.log` zina faida kuliko saa nzima ya kubandika ujumbe wa kosa kwenye injini ya kutafutia.

Hilo lakini ni kosa linalopiga kelele, na linalopiga kelele hurekebishwa siku hiyohiyo. Nionavyo mimi, linalosumbua watu ni la kimyakimya. GTK ni lazima, ndiyo maana `configure` husimama ikiikosa. WebKit si lazima. Ikikosekana, `configure` hutoa onyo la mstari mmoja katikati ya mamia ya mistari inayopita kwa kasi, inaacha wxWebView nje, na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. GStreamer nayo ni hivyohivyo: ikikosekana, wxMediaCtrl, kijenzi cha kuchezea sauti na video, hakijengwi. Kila kitu kitafika mwisho bila kosa. Siku utakapoandika programu inayofungua ukurasa wa wavuti ndani ya dirisha, kompaila itakwambia kwamba `wxWebView` haikutangazwa popote, ingawa faili la `webview.h` unaliona kwa macho. Lipo kweli, ila lote limefungwa ndani ya sharti linalosoma thamani ya `wxUSE_WEBVIEW`, na thamani hiyo ni 0.

Ulinzi uko wa aina mbili. Wa kwanza ni kusoma muhtasari ambao `configure` huuchapa mwishoni. Unasema imechagua GTK ipi, maktaba zitakuwa shirikishi au tuli, na kwa kila maktaba ya nje kama PNG au zlib, imetumia ya mfumo, iliyoandikwa `sys`, au ile iliyokuja na wx yenyewe, iliyoandikwa `builtin`. Mstari wa `webview` umo humo. Ukiwa na `no` na wewe unaihitaji, simama hapo hapo, sakinisha `libwebkit2gtk-4.0-dev` ikiwa uko Ubuntu 22.04, na urudie `configure`. Ulinzi wa pili ni kuliuliza faili la `setup.h`, ambalo huandikwa na `configure` kabla `make` haijaguswa:

`grep -E 'wxUSE_(WEBVIEW|MEDIACTRL|GLCANVAS)' lib/wx/include/*/wx/setup.h`

Moja ni ndiyo, sifuri ni hapana. Kwa baadhi ya vitu kuna namna ya kuilazimisha `configure` iseme ukweli kwa sauti: ukiandika `--with-opengl` waziwazi na maktaba za OpenGL hazipo, inasimama kwa kosa badala ya kunong'ona onyo. Ningependa ingekuwa hivyo kwa vijenzi vyote ambavyo mtu amevitaja kwa jina, lakini sivyo ilivyo.

Baada ya hapo `make` ni kazi ya mashine. Kitu cha kuchagua ni idadi ya kazi sambamba, ile namba baada ya `-j`. Kanuni inayosambazwa ni kuandika `make -j$(nproc)`, yaani kazi moja kwa kila kiini cha kichakataji. Kwenye kompyuta yenye viini 8 na kumbukumbu ya GB 4, kanuni hiyo ni mtego, maana kila nakala ya kompaila ya C++ inakula kumbukumbu yake peke yake. Kumbukumbu ikijaa, kerneli ya Linux huua mmoja wa walaji, nawe unaona `Killed` na `cc1plus`, ukadhani msimbo una kasoro. Msimbo hauna neno. Rudia kwa `-j2`, na `make` itaanzia ilipofikia, kwa kuwa hulinganisha muda wa faili na kuruka zilizokwisha.

Kuanzia ilipofikia kuna udhaifu mmoja unaotuhusu sisi ambao Tanesco na Kenya Power tunawajua kwa mazoea. Ukisimamisha kazi kwa Ctrl-C, `make` hufuta faili lililokuwa linaandikwa. Umeme ukikatika haipati nafasi hiyo. Faili nusu linabaki kwenye diski likiwa na muda mpya, na `make` inaliruka ikidhani limekamilika. Kosa litajitokeza mwishoni, wakati wa kuunganisha, kwa maneno kama `file truncated` na jina la faili la `.o`. Futa faili hilo moja na uite `make` tena; hakuna haja ya kuanza upya.

Kusakinisha kwa `sudo make install` hupeleka maktaba `/usr/local/lib`. Ukisahau `sudo ldconfig` baada yake, programu yako ya kwanza itakataa kuanza ikisema haiioni `libwx_gtk3u_core-3.2.so.0`, kwa sababu kipakiaji hakijaarifiwa kuna nini kipya. Mimi hupenda zaidi kutoa `--prefix=$HOME/wx-3.2` tangu kwenye `configure`, ili nisiguse folda za mfumo kabisa. Hata kusakinisha si lazima: ndani ya `build-gtk` kuna `wx-config`, na inatosha kuitaja kwa njia yake:

`g++ jaribio.cpp -o jaribio $(~/src/wxWidgets-3.2/build-gtk/wx-config --cxxflags --libs)`

Hapa ndipo wenye matoleo mawili hujikwaa. Ukiandika `wx-config` tupu, unaipata ile iliyotangulia kwenye PATH, ambayo huenda ni ya 3.0 ya mfumo. Kuchanganya vichwa vya toleo moja na maktaba ya jingine kungeweza kuzalisha programu inayoanguka ovyo bila sababu kuonekana, lakini waandishi wa wx waliliona hilo mapema: programu inapoanza, maktaba hulinganisha namna ilivyojengwa yenyewe na namna programu ilivyojengwa, na zikitofautiana inasimamisha kila kitu ikitaja tofauti, kuanzia namba ya toleo hadi mpangilio wa C++ uliotumika. `wx-config --list` inakuonyesha ni miundo ipi inayoonekana na ipi inachukuliwa kwa kawaida.

Na kama miezi sita imepita, unataka kuijenga tena vilevile kwenye kompyuta nyingine na hukumbuki uliandika vibendera gani, usikisie. Fungua `config.log` ya zamani. Amri nzima iko karibu na juu kabisa, kwenye mstari unaoanza na alama ya dola. Au, ndani ya folda ileile, andika `./config.status --config`.