Linksi wa Uhispania: Mpweke Mwenye Majirani

Mwonyeshe mtu wa Dodoma au Voi picha ya linksi, atakwambia ni simbamangu. Masikio ni yale yale, na vishada vyeusi vya nywele nchani. Ila linksi ana mkia mfupi na sharafa ndefu mashavuni, na ni wa ukoo mwingine. Yule wa Uhispania na Ureno hula sungura karibu tupu, kiasi cha mmoja kwa siku.

Hutembea peke yake, lakini si kweli kwamba hana jamii. Jike ana eneo lake. La dume hugusa ya jike mmoja au zaidi. Kila mmoja huacha habari njiani: mkojo vichakani, kinyesi mahali pa wazi, mikwaruzo mashinani. Anayepita hunusa akajua mwenyewe ni nani, na kama jike anataka dume. Kwa hiyo majirani hupishana bila kutoana damu. Baada ya mimba ya siku 65 hivi, jike huzaa watoto 2 au 3 ndani ya mti wenye uwazi au kwenye miamba, akawalea bila msaada wa dume.

Damu humwagika kwingine. Mwaka 2005, katika kituo cha kuzalishia linksi cha El Acebuche huko Doñana, Uhispania, jike aitwaye Saliega alizaa watoto 3, wa kwanza wa jamii hiyo kuzaliwa kizuizini. Wiki chache baadaye wawili walivaana. Mama alijaribu kuwaamua, asiweze, na mmoja akafa. Wataalamu walikuja kutambua kuwa ndiyo tabia yao: wakifikisha wiki 6 hadi 8, ndugu hugombana vikali mno. Wahudumu sasa hukesha kwenye kamera wakati huo, tayari kuwatenganisha. Kipindi kikipita, watoto hao hao hucheza na kulala pamoja.

Uangalizi wa namna hiyo umezaa matunda, maana waliozaliwa vituoni huachiwa porini. Mwaka 2002 walihesabiwa chini ya 100. Mwaka 2023 walipita 2,000.

Sasa tatizo ni vijana. Wakikua lazima wahame, kwa kuwa eneo la mama halitoshi wote, na safari hiyo huwapitisha kwenye barabara kuu. Wengi hugongwa na magari. Uzio na vivuko vya chini vimejengwa sehemu kadhaa, na vinahitajika vingi zaidi, hasa pale jamii mpya zinapojaribu kufikiana.