Taka Mbili, Mapipa Mawili: Jinsi ya Kutenganisha Taka Nyumbani na Kwenye Biashara

Maganda ya viazi, chupa ya maji, boksi la viatu na betri ya redio huingia pipa moja katika nyumba nyingi za Mombasa. Vikishachanganyika, hakuna kinachobaki na thamani. Boksi limelowa, chupa imejaa uchafu, na maganda yamepata vipande vya plastiki na vioo. Kilichobaki ni kulipia gari libebe mchanganyiko huo hadi jaani.

Kutenganisha taka pale zinapotoka ndiyo hatua ya kwanza ya kutunza mazingira, na haihitaji mashine. Inahitaji mapipa mawili na mazoea.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 69 nacho kinamtaka kila mtu ashirikiane na vyombo vya serikali kuyalinda mazingira hayo. Uzoaji na utupaji wa taka ni jukumu la serikali za kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba.

Mwaka 2022 Kenya ilipata Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka. Sheria hiyo inazitaka taasisi zote za umma na za kibinafsi zitenganishe taka za kuoza na zisizooza, na kuziweka katika mapipa yaliyoandikwa na yenye rangi tofauti. Hoteli, shule, duka la jumla na ofisi ya serikali, zote zinahusika. Watengenezaji wa bidhaa nao wanatakiwa kubeba jukumu la vifungashio vyao hata baada ya mteja kuvitupa.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini kuanzia tarehe 28 Agosti 2017. Mnamo Aprili 2024, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) ilitoa ilani ya siku 90 kwamba taka za kuoza zisibebwe tena kwa mifuko ya plastiki, bali kwa mifuko inayooza yenyewe.

Kwa nini taka za kuoza zitengwe?

Sehemu kubwa ya taka za miji yetu ni za kuoza: maganda, majani ya mboga, mabaki ya chakula na makumbi ya madafu. Taka hizi zina maji mengi, hivyo ni nzito. Gari linalozipeleka jaa la Mwakirunge linachoma mafuta kusafirisha maji.

Jaani, taka hizo hufukiwa chini ya nyingine na kukosa hewa. Zikioza bila hewa hutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 huongeza joto duniani zaidi ya mara 25 kuliko kiasi kama hicho cha kaboni dioksidi. Gesi hiyo pia hushika moto, na ndiyo sababu moja ya majaa kufuka moshi siku nyingi. Maji meusi yanayovuja chini ya taka huweza kufika kwenye visima na mikondo ya bahari.

Mombasa inaijua hasara hiyo. Kwa miaka mingi jaa la Kibarani lilikaa ukingoni mwa bahari, na kila aliyeingia kisiwani kupitia Makupa alipokewa na harufu na moshi. Lilifungwa mwaka 2018 na kazi ya kupageuza mahali hapo kuwa bustani ikaanza. Lakini jaa likifungwa, taka hazifungwi. Huhamia kwingine, karibu na wakazi wengine. Njia ya kupunguza mzigo huo ni kupeleka kidogo.

Nini kiingie pipa lipi?

Pipa la taka za kuoza: maganda ya matunda na viazi, majani ya mboga, majani ya chai, mabaki ya chakula, maganda ya mayai na majani ya uani.

Pipa la taka kavu: chupa na mitungi ya plastiki, karatasi, maboksi, mikebe na vioo. Chupa isuuzwe na boksi libaki kavu, kwani wanunuzi wa skrepa hulipa kwa uzito na ubora. Kioo kilichovunjika kifungwe kwa gazeti, kwa sababu anayeokota taka hutumia mikono yake.

Betri, balbu, sindano na dawa zilizopitwa na muda ziwekwe kando kabisa. Nepi na taulo za hedhi zifungwe peke yake. Hazifai kwa mbolea wala kuuzwa.

Kutengeneza mbolea nyumbani

Udongo wa pwani mwingi ni wa mchanga. Haushiki maji, na rutuba yake huoshwa upesi na mvua. Mbolea ya taka za jikoni huusaidia pande zote mbili.

Rundo la mita moja kwa mita moja latosha. Tabaka la taka mbichi lifunikwe na tabaka la vitu vikavu kama majani makavu au maranda ya mbao. Rundo liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, na ligeuzwe kila wiki moja au mbili ili lipate hewa. Likigeuzwa vyema hupata joto ndani, na baada ya miezi miwili au mitatu mbolea huwa nyeusi na yenye harufu ya udongo. Harufu mbaya ni dalili kwamba maji yamezidi au hewa haiingii. Nyama, samaki na chakula chenye mafuta visitiwe, kwani huvuta panya na nzi.

Asiye na ua anaweza kumpelekea mfugaji wa mbuzi maganda na majani ya mboga, mradi hayakuchanganyika na plastiki. Mbuzi anayemeza plastiki huweza kufa.

Biashara nazo?

Mama mboga akitenga majani sokoni, tayari ana chakula cha mifugo au mbolea ya kumpa mkulima. Hoteli ikipima mabaki ya chakula kila siku itajua ni sahani ipi hurudi na chakula, na itapunguza manunuzi. Mwenye duka akihifadhi maboksi yakiwa makavu, atapata mnunuzi badala ya kulipia yachukuliwe.

Muuza madafu ana jukumu la pekee. Dafu lililotupwa hukusanya maji ya mvua, na mbu wanaoeneza homa ya dengue, ambayo imewahi kuzuka Mombasa, huzaana humo. Madafu yapasuliwe na kukaushwa. Makumbi hufaa kufunika udongo shambani, na vifuu vya nazi hutoa makaa mazuri.

Yasiyofaa

Kuchoma taka uani si suluhisho. Moshi wa plastiki una sumu, na wa kwanza kuuvuta ni watoto wa nyumba hiyo na ya jirani. Kutupa taka mitaroni nako hurudi kwa mtupaji: mvua za masika zinapofika, mtaro ulioziba humwaga maji barabarani na majumbani, na kinachopita huishia kwenye mikoko ambamo samaki huzaliana.

Mkazi au kikundi kinachotaka kuanza kutenganisha taka kiulizie katika ofisi ya msimamizi wa wadi, na kikubaliane na mzoaji wake kwamba mapipa hayo mawili hayatachanganywa garini. Taka zilizotengwa jikoni na kuchanganywa barabarani ni kazi bure.