Bibi Alfajiri na Mume Asiyekufa

Paukwa! Pakawa. Leo, wanangu, hatuna Sungura wala Abunuwasi. Tunakwenda kwa Wagiriki wa kale, walioamini kwamba alfajiri ni mwanamke, jina lake Eos. Kila siku huamka kabla ya viumbe wote, akapanda gari lake la farasi na kulitangulia jua. Homer, malenga wao mkuu, alimpa vidole vya rangi ya waridi. Amka mapema kesho utazame mashariki, utavijua.

Basi Eos alimwona Tithonus, mwana wa mfalme wa mji wa Troy, kijana mzuri wa kupindukia. Akampenda, akamchukua hadi kwake ukingoni mwa dunia. Hakumwuliza mtu; hapakuwa na posa wala mahari.

Lakini Eos hafi, na Tithonus ni binadamu. Akaenda kwa Zeus, mkubwa wa miungu, akaomba mumewe asife kamwe. Zeus akakubali. Mmeshagundua alichosahau? Hakuomba ujana!

Mwanzoni walistarehe, wakazaa wana. Kisha mvi zikachungulia kichwani na ndevuni mwa Tithonus. Eos akahama kitanda, ila hakumtupa: alimlisha chakula cha miungu na kumvika nguo nzuri. Miaka ikaenda, mzee akanyauka hata hakuweza kuinua mkono wala mguu. Hapo Eos akamlaza chumbani, akafunga mlango. Ikabaki sauti tu, ikibwabwaja bila kukoma. Wasimulizi wa baadaye wakasema aligeuka nyenje, mdudu yule apigaye kelele mitini mchana kutwa.

Wengi humlaumu Eos. Mimi lawama zangu ni kwa Zeus. Bwana mkubwa kama yule anasikia ombi lenye pengo, hasemi hata, “Binti, fikiri tena”?

Na Afrika imo humu. Memnon, mwana wao, alikuwa mfalme wa Waethiopia, jina ambalo Wagiriki waliwaita watu weusi waishio kusini ya Misri. Alikwenda Troy kumsaidia Priam, ndugu wa baba yake, katika vita na Wagiriki, akauawa na shujaa wao Achilles. Umande wa asubuhi, walisema, ni machozi ya mama yake.

Huko Luxor, Misri, zimekaa sanamu mbili za mawe, kila moja na kimo cha mita 18 hivi. Ni za farao Amenhotep wa Tatu, lakini Wagiriki na Warumi walizibandika jina la Memnon. Moja iliharibika, yasemekana kwa tetemeko la ardhi la mwaka 27 kabla ya Kristo, ikaanza kutoa sauti jua linapochomoza. Wageni wakamiminika, wakisema Memnon anamwamkia mama yake. Sauti ilikoma zamani, baada ya sanamu kukarabatiwa. Maandishi waliyochonga wageni hao, zaidi ya 100, yangalipo miguuni mwake hadi leo.