Asali ya Tabora na desturi za mnunuzi wa nje

MFUGAJI wa nyuki wa Sikonge, Urambo au Uyui anapopata mnunuzi kutoka nje ya nchi, swali lake la kwanza huwa ni bei. Lakini biashara inaweza kuvunjika kabla ya kufika kwenye bei, kwa sababu tu muuzaji hakuzijua desturi za mnunuzi.

Somo hili si geni katika njia ya misafara. Mwaka 1871 Henry Stanley, akijiandaa kutoka Unguja kwenda Unyanyembe, aliwauliza kwanza wafanyabiashara wenyeji ni shanga zipi zinapokelewa wapi. Aliambiwa kuwa shanga nyeusi zinapita Ugogo, lakini kwingine zinakataliwa. Aliyekosea alibeba mzigo wa bure: hawezi kununua chakula, hawezi kulipa hongo, na wapagazi wanadai posho.

Leo mzigo wetu ni asali, na kila soko lina masharti yake.

Mnunuzi wa Uingereza hutaka maandishi. Sheria ya huko, kama ya Ulaya, inataka unyevu wa asali ya kawaida usizidi asilimia 20. Ukirina kabla nyuki hawajafunika masega kwa nta, unyevu huzidi, asali huchacha na mzigo hukataliwa. Mnunuzi huyo ataomba sampuli, cheti cha maabara na tarehe ya kusafirisha. Miadi ya saa tatu ni saa tatu kamili.

Tena, Waingereza wengi hawapendi kusema "hapana" waziwazi. Akikuambia, "Pendekezo lako linavutia, tutalifikiria," usikimbilie kukopa fedha za ndoo. Mwandikie umuulize kiasi, bei na tarehe. Hata Mchina anayekwenda kufanya biashara London hulazimika kujifunza lugha hiyo ya adabu.

Kwa wafanyabiashara wengi wa Kichina, kufahamiana hutangulia. Kikao cha kwanza kinaweza kuishia kwenye chakula na mazungumzo, bila bei kutajwa. Mnyamwezi haoni ajabu hapo, kwani kwake pia "Mwangaluka" hutangulia shida iliyomleta mtu. Kadi yake ipokee kwa mikono miwili. Akikosea hesabu, mwambie pembeni, usimwaibishe mbele ya wenzake. Usishangae pia akirudi kujadili bei mliyokwisha kukubaliana, hivyo jua mapema kiwango ambacho huwezi kushuka chini yake.

Kabla ya msimu wa kurina, muulize mnunuzi mambo manne: unyevu, vyeti, aina ya chombo na namna ya malipo. Majibu yawe kwa maandishi, awe Mwingereza au Mchina. Kipimo cha unyevu kinaweza kuwa ghali kwa mtu mmoja, lakini wanachama wa ushirika wakichangia, kimoja kinatosha kupima asali ya wote kabla haijapakiwa kwenye gari.